Madirisha ya Mji wa Karatasi

Mwana akililia wembe, mpe. Wengi huitamka methali hii huku wamebana meno. Mtoto amekatazwa, hakusikia, ameonywa, hakuonyeka, basi na apewe anachokitaka, kimkate, akome. Ndivyo wazazi waliochoka wanavyoitumia. Mama Maboksi aliichukia methali hiyo kama alivyochukia karatasi iliyolowa, na sababu yake aliibeba kwenye ncha ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto.

Kidole hicho kilikufa ganzi tangu utotoni. Siku moja alimsumbua baba yake mdogo ampe wembe achongee penseli. Baba mdogo alikuwa ananyoa ndevu. Kelele zilipomzidi, aliutupa wembe sakafuni akasema, "Haya, chukua! Mwana akililia wembe, mpe." Kisha akaendelea kunyoa. Penseli haikuchongwa siku hiyo. Kilichochongwa ni kidole. Jeraha lilipona, lakini hisia haikurudi. Hata leo Mama Maboksi angeweza kugusa glasi ya chai kwa kidole hicho asijue kama ni ya moto au imepoa.

Alipokua na kuwa fundi wa karatasi, aliapa kwamba mtoto wake hatakatwa na wembe, liwe jua iwe mvua. Alitengeneza maboksi ya zawadi, kadi na vivuli vya taa, na wateja ndio waliompa hilo jina. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, kwenye meza ndefu iliyosogezwa dirishani ili mwanga uingie kutoka kushoto. Kila kifaa kilikuwa na makao yake, na ole wake atakayekihamisha. Mkasi mrefu ulining'inia kwenye msumari. Rula ya chuma ilikuwa imebandikwa utepe wa mpira kwa chini ili isiteleze. Msharasi wa kutobolea, kama ule wa mshona viatu, ulichomekwa kwenye kizibo ili ncha yake isimtafute mtu. Na kisu cha kukatia, kile chenye wembe mrefu unaovunjwa kipande makali yanapoisha, kililala juu ya kabati ndani ya bati la biskuti, mahali ambapo hata yeye mwenyewe alipanda kistuli ili akifikie.

Kila asubuhi alikiteremsha, akashika koleo, akavunja kipande cha mbele cha wembe na kukidumbukiza kwenye kopo lenye mfuniko uliotobolewa. Alifanya hivyo kama mtu anavyopiga mswaki, bila kufikiri.

Binti yake wa pekee aliitwa Chiriku, kwa maana mdomo wake haukujua kupumzika. Alikuwa amevuka umri wa kuchezea vikaragosi na hajafikia umri wa kuchagua nguo zake mwenyewe. Alikuwa na jicho la ajabu. Angetazama jengo mara moja akalichora na paa lake na vigae vyake. Mama yake alimruhusu kukunja, kubandika na kukata kwa mkasi wa ncha ya duara. Kisu hakuruhusiwa hata kukinusa.

"Nitakishika lini, mama?"

"Ukiota ndevu."

"Lakini mimi ni msichana."

"Basi umenielewa vizuri."

Maisha yakaenda hivyo hadi mkutubi wa maktaba ya mtaa alipokuja na ombi. Maktaba ilikuwa inafungua kona ya watoto, naye alitaka mji mzima wa karatasi ngumu, wa kuwekwa kwenye kabati la kioo na kuwashwa taa kwa ndani. Mama Maboksi alikuna kichwa. Chiriku hakukuna kitu. Alivuta karatasi akachora. Kabla mkutubi hajamaliza maji yake, kulikuwa na mitaa, duka la mikate, kituo cha zimamoto na ghorofa zilizopangana kama vitabu kwenye rafu.

"Huu ndio," mkutubi alisema. "Nautaka huu huu, usiongezwe wala kupunguzwa."

Tangu hapo Chiriku alilala na kuamka na mji wake. Tatizo lilikuwa madirisha. Kila nyumba ilijaa madirisha madogo, maana bila madirisha mwanga ungepita wapi? Dirisha haliingiliki kwa mkasi bila kupasua ukuta. Chiriku alijaribu, na nyumba zake zikaonekana kama zimevamiwa na panya. Mama Maboksi alikata peke yake, polepole, huku siku ya ufunguzi ikisogea.

"Mama, nipe nikate moja tu."

"Hapana."

"Nusu."

"Nusu ya dirisha ni nini?"

"Ni mwanzo."

Upande wa pili wa ukuta alifanya kazi jirani yao, Fundi Cherehani, mtu ambaye masikio yake yalikuwa yamelipiwa kodi katika nyumba zote mbili. Alitokea mlangoni, futi ya kupimia imemning'inia shingoni.

"Dada, mwanao analilia wembe. Wahenga walishatoa hukumu, wewe unakata rufaa."

"Wahenga hawakuwa na kidole changu."

"Mimi mkasi wa vitambaa niliushika kabla sijaifikia meza."

"Ndiyo maana suruali zako zina mguu mmoja mfupi."

"Huo ni mtindo, dada. Usionee wivu."

Mama Maboksi hakucheka. Alimwinulia kidole chenye kovu. "Huo wembe mnaousifu nilipewa mimi. Ona mavuno yake."

Fundi alikitazama kidole. Utani ulimtoka usoni. "Aliyekufanyia hivi hakukupa," alisema taratibu. "Alikutupia. Kumpa mtu kitu na kumtupia si jambo moja."

"Rudi kwenye cherehani yako," alijibu Mama Maboksi. Lakini neno lilikuwa limeshaingia, kama kijiti cha mwiba ambacho hakitoki kwa kusuguliwa.

Kilio cha Chiriku hakikwisha. Hatimaye mama yake, kwa huruma iliyochanganyika na uchovu, akapata wazo ambalo aliliona la busara kubwa. Alitoa kisu kikuukuu kutoka kwenye sanduku la takataka za kazi. Wembe wake ulikuwa umeota kutu na makali yamekwisha. Aliupitisha juu ya ukucha, haukuacha hata alama. Alijisemea kwamba hiki hakiwezi kukata hata maji. Alimkabidhi bintiye pamoja na rula ya plastiki ya shule, maana ile ya chuma haikuhamishwa kutoka mahali pake.

"Kata magazeti tu. Manila, hii karatasi ngumu ya mji, usiiguse."

Chiriku aliruka kama aliyepewa funguo za mji. Mama yake akachukua maboksi ya duka la keki, akavuka barabara kuyapeleka, moyo mweupe. Amemridhisha mtoto, na mtoto hawezi kuumia. Ni mama gani asingejipongeza?

Magazeti yalichanika tu, hayakukatika. Chiriku akadhani kosa ni la gazeti, akachukua manila, ukuta wa duka la mikate. Alibana rula kwa mkono wa kushoto, akapitisha kisu, hakikukata. Akakandamiza. Bado. Akasimama, akakiegemea kwa uzito wake wote. Wembe ukauma ukingo wa plastiki, ukapanda juu ya rula, ukamfikia kidole gumba.

Mama Maboksi alikuwa anarudi aliposikia Fundi Cherehani akiliita jina lake kwa sauti asiyomjua nayo. Alimkuta ameufunga mkono wa Chiriku kwa kitambaa safi, ameukaza na kuuinua juu, kama mwanafunzi anayeomba kujibu swali. Damu ilikuwa imechora njia kwenye ule ukuta wa duka la mikate.

Kwenye zahanati muuguzi alisafisha jeraha, akalishona. "Kisu kilikuwa kikali sana?" aliuliza bila kuinua macho.

"Hapana," Chiriku alijibu kwa kwikwi. "Kilikuwa hakikati. Ndiyo maana nilikikandamiza."

Muuguzi aliendelea kushona. Mama Maboksi, aliyekuwa amekaa kwenye benchi, alihisi kama mtu amemmwagia maji ya baridi mgongoni. Ni nani aliyevunja wembe kila asubuhi? Ni nani aliyejua kwamba wembe butu hudai nguvu, na nguvu ikiteleza haichagui pa kwenda? Ni nani aliyekatia kwa rula ya chuma siku zote, akijua kwamba plastiki huliwa na wembe? Yote hayo aliyajua. Kwa ajili ya mikono yake mwenyewe hakuwahi kuyasahau hata siku moja. Ila alipofika kwa mwanawe, hofu ilimtoa akili, akamnyima makali, na mtoto akayafidia kwa nguvu.

Nyuzi zilitolewa, kidole kikapona. Muuguzi alikichomachoma kwa pini, na Chiriku akapiga kelele kila mara. Mama Maboksi alimshukuru Mungu kwa kila kelele. Kidole cha binti yake kilikuwa hai.

Kitu kingine ndicho kilichokufa. Chiriku hakuja tena mezani. Akiitwa kukunja mapaa, alikuja, akakunja, akaondoka. Mama yake alipokisukuma kisu kitoe wembe, kikilia tik-tik, mtoto aliingiza mikono yote miwili kwapani. Mdomo uliokuwa haupumziki ukapumzika. Nyumba ikawa na utulivu wa chumba kilichohamwa.

Mkutubi alipokuja kuangalia kazi, aliona mtaa mzima haujakatwa madirisha. "Tusihangaike," alisema kwa upole. "Hayo yaliyobaki tuyachore kwa kalamu. Watoto hawatajua."

Mama Maboksi alimgeukia Chiriku, akingoja awake kwa hasira. Mji ulikuwa wake. Madirisha yaliyochorwa hayapitishi mwanga, na yeye ndiye aliyelihubiri hilo kuliko wote.

"Sawa," Chiriku alisema. "Tuchore. Na wakati mwingine mtafute mtu mwingine wa kuchora mji. Mimi sina mkono wa kazi hii."

Maneno hayo yalimkata Mama Maboksi pale ambapo hapakuwa na ganzi. Miaka yote aliomba mtoto asiyetaka wembe. Sasa amempata, na hakumtaka. Aliona jambo ambalo hasira ya miaka ilimficha: kilio kile alichokiita usumbufu kilikuwa hamu, na hamu ya mtoto ina wakati wake. Ukiichelewesha haikungoji mlangoni.

"Usichore bado," alimwambia mkutubi. "Nipe hadi siku yenyewe."

Mchana huo alifungua pakiti mpya ya nyembe. Akalaza ubao laini wa kukatia, akaweka rula ya chuma na kipande cha manila. Kisha akamwita binti yake.

"Sitaki, mama."

"Najua. Kaa hapa uangalie, kutazama hakukati mtu." Chiriku alisimama mbali, mikono kwapani. Mama Maboksi hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. "Mwanangu, ulipokatwa, kosa halikuwa la mkono wako. Nilikupa kisu kibovu nikadhani nakupenda. Yule aliyenikata mimi alinitupia wembe mkali; mimi nikakutupia butu. Tofauti yetu ni ndogo."

Chiriku alisogea hatua.

"Huu ni mkali. Mkali kweli kweli. Kwa sababu hiyo hutausukuma. Tazama." Alipitisha kisu kando ya rula, mkono ukiwa mwepesi kama anayepangusa vumbi. "Mara ya kwanza unaisalimia karatasi. Mara ya pili unaieleza shida yako. Mara ya tatu inakubali yenyewe." Kipande cha manila kilianguka bila kelele.

"Na vidole vya kushoto?"

"Vinakaa kama buibui juu ya rula. Buibui wako akinyoosha mguu nje ya ukingo, simama, mrudishe, ndipo uendelee. Ukifika kwenye kona, geuza karatasi, usipinde kiwiko. Ukiweka kisu chini, hata kama ni kwa kupiga chafya, rudisha wembe ndani."

"Kikidondoka?"

"Kiache kidondoke. Ruka nyuma. Kisu si mtoto, hakidakwi."

Kana kwamba kilisikia kinasemwa, kisu kilibiringika kutoka pale alipokiweka, wembe ukiwa bado nje, kikafika ukingoni mwa meza. Mkono wa Mama Maboksi ukatoka wenyewe kukidaka.

"Mama, kiache!"

Aliuvuta mkono, wote wawili wakaruka nyuma, na kisu kikaanguka chini kwa ncha, kikalala. Mama Maboksi alitazama kisu, akatazama wembe ambao alikuwa ametoka kuhubiri urudishwe ndani. Chiriku naye aliutazama. Kisha akaanza kucheka, kwanza kwa pua, halafu kwa tumbo zima.

"Si mtoto, mama! Hakidakwi!"

"Nyamaza."

"Na ulipiga chafya saa ngapi, mama?"

"Nimesema nyamaza," alisema Mama Maboksi, naye akicheka mpaka akaegemea meza. Kutoka upande wa pili wa ukuta cherehani ilinyamaza, maana mtu fulani alitaka kusikia.

Chiriku ndiye aliyeinama kukiokota. Alikishika kwenye mpini, akarudisha wembe ndani, akamgeuzia mama yake mpini kwa adabu. Mama Maboksi hakukipokea.

"Baki nacho," alisema.

Alisimama nyuma ya binti yake, mkono wake juu ya mkono ule mdogo. Hakuukaza. Walisalimia karatasi, wakaieleza shida, nayo ikakubali. Upande wa pili, wa tatu. Kwenye upande wa nne Chiriku alisema, "Mama, unanikaba," na Mama Maboksi akaondoa mkono. Hakuna kazi iliyowahi kumwia ngumu kama hiyo ya kuondoa mkono. Alisimama akiwa amebana pumzi, macho kwenye buibui aliyetulia juu ya rula, hadi mraba mdogo wa karatasi ulipodondoka.

"Limepinda," Chiriku alisema.

"Hiyo itakuwa nyumba ya Fundi Cherehani."

"Nimesikia!" ukuta ukajibu.

La pili lilipinda kidogo zaidi. La tatu lilinyooka. Walipofika mwisho wa mtaa, haikujulikana tena madirisha yapi ni ya mama na yapi ni ya mwana, na mdomo wa Chiriku ulikuwa umerudi kazini, ukieleza nani anaishi wapi na nani hasalimiani na jirani.

Siku ya ufunguzi taa iliwashwa, na mji ukang'aa kila mtaa. Watoto walibandika pua zao kwenye kioo. Mmoja alitaka kujua nani analala kwenye ghorofa ya juu kabisa, na Chiriku akamweleza kwa kirefu kuliko alivyotaka. Mkutubi alisimama pembeni, kalamu yake mfukoni, haikuwa na kazi.

Walipokuwa wakirudi nyumbani kwa miguu, Chiriku alinyamaza kidogo, jambo lililomtia mama yake wasiwasi.

"Mama, mji hauna miti."

"Nimeona."

"Miti ina majani, na majani hayakatiki kwa kisu chetu, ni kinene. Kuna kingine chembamba, kinashikwa kama kalamu. Nimekiona dukani. Ncha yake ni kali kama sindano. Nakitaka, mama. Tafadhali. Nakitaka sana."

Hofu ya zamani ilimrudia Mama Maboksi, jibu la zamani likiwa tayari ulimini. Alimtazama binti yake. Macho ya mtoto yalikuwa yanawaka kama madirisha yale, na sauti yake ilikuwa kilio kitupu, kilio kizima, kilio ambacho nusura kipotee kisirudi.

"Twende tukakichague pamoja," alisema, "na leo hii hii nikufundishe kukishika."

Wakageuza njia kuelekea dukani, na Mama Maboksi, ambaye aliibeba methali ile kama kovu maisha yake yote, kwa mara ya kwanza aliitamka kwa moyo mweupe: mwana akililia wembe, mpe.